Umebadilisha mpango wa kupunguza mwili, mizani ikapanda? Soma hapa kabla hujarudi kwenye chipsi

mama_tabata (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu ni wa wale waliokuwa kwenye mpango mmoja wa kupunguza mwili, ukawachosha au ukawashinda mfukoni, na sasa wanahamia mwingine. Wanaoanza kabisa wana nyuzi zao humu, tena nyingi. Sisi tunaohama tuna shida yetu: ule moto wa mwanzo umeshapoa, mashosti waliokuwa wanakusifia wameshazoea, halafu unatakiwa ujifunze upya kipi kinaliwa na kwa kiasi gani.

Mimi nilikuwa nimeacha wanga. Ugali hapana, wali hapana, chapati hata kuinusa hapana. Mayai, nyama, samaki, parachichi na mboga za majani zinazoogelea kwenye mafuta. Nilipungua, sikatai, na nguo zangu za zamani zikanikubali. Lakini nyumbani tuko sita na mshahara ni ule ule. Trei ya mayai iwe ya mtu mmoja huku watoto wanakunywa chai na mkate mkavu, nafsi inakusuta. Na ugali naupika mimi kila jioni, nikishasonga naepua, nawapakulia wenzangu, naenda kukaa pembeni na kabichi langu. Nikaamua kuhamia kwenye kula kila kitu kwa kipimo.

Kilichotaka kunitoa barabarani ni mizani. Nimerudisha ugali, tena kidogo tu, wiki haijaisha uzito umepanda karibu kilo mbili. Hapo ndipo wengi wanapoaga. Mtu anasema "mwili wangu na wanga haviivi", na kwa kuwa ule mpango wa kwanza alishauchoka, harudi kule wala haendelei na huu. Anarudi kwenye chipsi mayai.

Sasa sikilizeni. Mwili una akiba ya wanga kwenye misuli na ini, inaitwa glaikojeni. Mtu mzima anabeba kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu inashikilia maji takriban gramu 3. Ukiacha wanga, akiba inatumika na maji yake yanatoka kwenye mkojo. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya kuacha wanga watu wanaandika humu "kilo tatu kwa wiki moja!" na wanapigiwa makofi. Ukirudisha wanga, akiba inajaa tena na maji yanarudi. Gramu 400 za akiba na gramu 1,200 za maji, tayari ni kilo 1.6, na hujaongeza mafuta hata ya kupaka mkate.

Mkitaka kuhakikisha, pigeni hesabu upande wa pili. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kilokalori 7,700. Unga wa sembe mkavu ni kama kilokalori 360 kwa gramu 100. Kwa hiyo ili upate kilo moja ya mafuta kwa ugali mtupu, ungepaswa kula zaidi ya kilo mbili za unga JUU ya chakula chako cha kawaida. Kilo mbili za mafuta ni zaidi ya kilo nne za unga. Kama hujazila, basi ulichoona kwenye mizani ni maji. Chumvi nayo inashika maji, na kina dada mnajua siku za mwezi zinavyofanya.

Kwa hiyo kipindi cha kuhama mimi mizani niliisukuma chini ya kitanda, nikachukua futi ya fundi cherehani. Kiuno hakidanganywi na maji kirahisi hivyo. Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari ya maradhi kuongezeka kwa mwanamke kiuno kikipita sentimita 80, na kuwa kubwa zaidi kikipita 88. Kwa mwanaume ni 94 na 102. Pima asubuhi kabla ya chai, umetoa pumzi, tumbo usilivute. Ukilivuta unamdanganya nani?

La pili, usibadilishe kila kitu kwa mpigo. Hili ndilo naliona kubwa kuliko yote. Mtu akibadilisha mpango anabomoa mpaka msingi, hata yale yaliyokuwa yanamsaidia anayatupa kwa sababu ni ya "diet ya zamani". Mimi nimebaki na matatu: chai bila sukari, mayai asubuhi (mawili, siyo manne), na chakula cha usiku kiwe kimeisha kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili. Hayo siyafikirii tena, mkono unaenda wenyewe. Kipya cha kujifunza kikabaki kimoja tu, kiasi cha wanga.

Na kiasi chenyewe napima kwa kibakuli cha plastiki kile cha kuuzia mtindi. Kabla ugali haujaenda kwenye hotipoti nachota na mwiko, najaza kibakuli, nasawazisha juu kwa mwiko uliolowa, nageuzia kwenye sahani yangu. Unatoka kama keki ndogo. Watoto wanacheka, wanauita ugali wa mama wa bethidei. Sihitaji mzani wa jikoni wala programu ya simu inayojua kalori za pizza lakini haijui matembele.

Mwisho, midomo ya watu. Huku kwetu ukipungua unaulizwa "vipi, unaumwa?", ukinenepa unaambiwa "mambo yamekunyookea". Nilipokuwa nashuka niliulizwa sana. Niliporudisha ugali na uso ukajaa kidogo, jirani akasema "sasa hivi ndiyo umependeza". Kama hamasa yako inategemea sifa za mtaani, mtaa wenyewe hauko upande wako.

Karibuni, waliowahi kuhama mtupe uzoefu.

---

kijana_wa_mwanza

Naweka kiti hapa. Ngoja waje.

---

mzee_wa_supu

Mleta uzi umeandika vizuri ila mwisho wa siku umeshindwa nidhamu, sema ukweli. Wanga ndiyo sumu. Mimi tangu niache wanga nakunywa supu yangu ya makongoro asubuhi bila chapati, mchana nyama na kachumbari, nimekata kitambi. Hakuna haja ya kuhama. Mtu akikaza anakaza.

---

mama_tabata

Mzee wangu shikamoo. Sijasema kuacha wanga hakufanyi kazi, nimepungua nako mwenyewe. Ila kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotoka 2018, watu wazima 609, mwaka mzima. Nusu walipunguza mafuta, nusu walipunguza wanga. Wa mafuta walishuka wastani wa kilo 5.3, wa wanga kilo 6.0, na watafiti wakasema hiyo tofauti si ya kujengea hoja. Kilichonivutia ni kwamba ndani ya kila kundi kuna walioshuka kilo nyingi sana na kuna walioongezeka. Kwa hiyo wewe supu imekukubali, kaa hapo hapo. Mimi nimehamia kwenye ninachoweza kukipika na kukilipia.

---

mzee_wa_supu

Marahaba. Wazungu wa Stanford hawajawahi kunywa makongoro, lakini nimekusikia.

---

nesi_wa_zamu

Naomba niweke tahadhari kabla watu hawajabadilisha mipango kesho asubuhi.

Kama unatumia dawa za kisukari, hasa insulini au glibenclamide, usibadilishe kiasi cha wanga wala usianze kufunga kabla ya kuongea na daktari wako. Dozi ilipangwa kwa ulaji wako wa zamani. Ukipunguza chakula na dawa ikabaki ile ile, sukari inashuka: jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kuongea ovyo. Wengine ndugu wanadhani kalewa. Hapo mpe kitu cha sukari haraka kama bado anaweza kumeza, soda ya kawaida au maji ya sukari, na msaada utafutwe. Wa dawa za presha nao, mwili ukipungua presha inaweza kushuka ikawa chini mno kwa dozi ile ile, ukisimama unaona kizunguzungu. Mjamzito na anayenyonyesha, huu uzi someni kwa burudani tu kwanza.

Na lile swali la "unaumwa?" lisiwakere sana. Watu wetu wameona mengi. Ukipungua bila kujaribu, au una kikohozi cha wiki mbili na zaidi, au jasho la usiku, nenda kapime kifua kikuu na sukari. Kupungua kwa mpango na kupungua kwenyewe tu ni vitu viwili.

---

dereva_masafa

Wakuu mimi nipo njia ya Dar kwenda Tunduma. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa jimu, nilikuwa nafanya kazi mjini. Nilipopata lori jimu ikafa yenyewe. Nilikaa muda najiambia nikirudi Dar nitaenda, nikirudi Dar nalala.

Ninachofanya sasa ni oda moja isiyobadilika. Nikisimama kwa mama ntilie, iwe Mikumi, Ilula au Makambako, sentensi ni ile ile: wali nusu, maharage, mboga za majani mara mbili, maji. Siangalii kwenye masufuria. Ukishafunuliwa sufuria la rosti umekwisha. Wengine sasa wananijua, nikishuka tu "wali nusu huyo". Na nikifika sehemu ya kupumzika nazunguka lori na kutembea mpaka mwisho wa foleni ya malori na kurudi. Si mazoezi ya maana lakini magoti yamepata nafuu.

Kitu kinachonichekesha, lori linapimwa Vigwaza, linapimwa Makambako, likizidi faini. Dereva mwenye kitambi anapita hivi hivi.

Swali langu kwa mleta uzi: mbona mpango wa pili unaenda taratibu kuliko wa kwanza? Jimu nilishuka haraka, hapa nashuka kama sitaki.

---

mama_tabata

Dereva, hiyo ya oda moja naiiba.

Swali lako lina majibu mawili. La kwanza ni yale maji. Mwanzo wa mpango wowote mkali yanaondoka na kukupa sifa za bure. La pili ni kwamba mwili ukishapungua unatumia nishati kidogo kuliko zamani, kwanza kwa sababu ni mdogo, na pia kwa sababu unabana matumizi. Kuna utafiti wa 2016 Marekani, walifuatilia watu 14 waliokuwa kwenye yale mashindano ya televisheni ya kupunguza uzito. Miaka sita baada ya shindano, miili yao ilikuwa inatumia wastani wa kilokalori 500 hivi kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito. Wao walipungua kwa kasi ya kutisha, mimi na wewe hatufiki huko, lakini uelekeo ni huo.

Maana yake, ukipima mpango wa pili kwa kasi ya mpango wa kwanza utaona kila siku umefeli, wakati hujafeli. Andika uzito au kiuno ulichoanza nacho SIKU UNAYOHAMA, hicho ndicho cha kulinganisha. Kile cha mwanzo kabisa kiache.

---

binti_likoni

Asalaam aleikum wenzangu wa bara. Mie niko Mombasa, Likoni.

Shida yangu yaja kila mwaka baada ya Ramadhani. Mwezi mzima mtu una saa zako: daku, magharibi, tende na maji, umekwisha. Hata futari ikiwa na mahamri, mbaazi za nazi na viazi karai, mie hupungua kwa kuwa mchana hakuna kuonjaonja. Idi ikifika zile saa zaondoka. Naanza mpango mpya wa kuhesabu vyakula, lakini mchana wote mdomo wazunguka, kaimati moja hapa, kachiri pale. Sikuwa na njaa. Nilikuwa nimezoea adhana initie chakula mdomoni, na sasa hapana wa kunambia anza wala koma.

Nilikuja kutulia nilipobaki na funga ya Jumatatu na Alhamisi, ya sunna. Siku nyengine nala kwa sahani ndogo ya daku, ile ile, haipandi juu ya ukingo. Na tui nimelipunguza: zamani nazi mbili kwa sufuria la wali, sasa moja na tui la pili lenye maji mengi. Mume alilalamika kidogo, sasa amezoea. Nia ya funga ni ibada, mwili ni faida ya juu, msije mkanigeuzia maneno.

Mleta uzi asema kweli kuhusu kutobomoa vyote. Mie nabakisha saa.

---

nesi_wa_zamu

Binti Likoni umesema jambo ambalo hata kliniki tunalisahau. Tunampa mtu orodha ya vyakula, hatumpi saa.

---

fundi_seremala

Samahani jamani, nauliza kwa niaba ya mke wangu. Amehama kutoka kwenye juisi za "detoksi" alizouziwa, chupa kadhaa kwa bei mbaya, alikuwa anaharisha kila siku na kuambiwa sumu inatoka. Sasa anataka kuanza kula kwa kipimo ila ameshakata tamaa, anasema hakuna kinachofanya kazi kwake. Namuanzishaje?

---

nesi_wa_zamu

Pole yake. Kuharisha kunatoa maji na chumvi za mwili, mafuta hayapiti njia hiyo. Sumu zinashughulikiwa na ini na figo, hazisubiri juisi. Kama bado anaharisha, anasikia moyo unadunda vibaya au misuli inakaza, aende kituo cha afya. Kama yuko sawa, apumzike kwanza na kula chakula cha kawaida siku kadhaa. Usimuanzishe mtu mpango akiwa bado hana nguvu.

---

mama_tabata

Fundi, nakuongezea. Usimpe mpango mzima. Amepigwa na maneno matamu, ukimletea mengine hatayaamini, na ana haki. Muulize kinywaji gani cha sukari anakunywa kila siku. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Aanze hapo tu, mengine yote ale kama alivyozoea. Na wewe nyumbani usinywe mbele yake. Naona waume wengi humu wanauliza "nimsaidieje" huku wameshika chupa.

---

fundi_seremala

Nimeiweka chini hapa hapa. Asante.

---

kijana_wa_mwanza

Nimesoma yote. Mimi nilihama kutoka kutokula usiku kabisa kwenda kula kidogo mara tatu, na tatizo langu ni wikiendi. Jumatatu mpaka Ijumaa niko vizuri, Jumamosi hii kuna send-off ya dada yangu, pilau na nyama, vinywaji bure. Kila mara sherehe moja inanirudisha mwanzo. Mnafanyaje?

---

dereva_masafa

Usiende na njaa. Hilo tu.

---

mama_tabata

Dereva yuko sahihi. Sherehe zetu chakula kinatoka saa nne usiku baada ya hotuba zote za mashangazi, ukienda na njaa utakula hata kitambaa cha meza. Kula kwako saa kumi na mbili, mayai au maharage, kitu kinachokaa tumboni. Kwenye foleni anzia na nyama na kachumbari, pilau chukua mwisho, sahani ikiwa imeshajaa. Vinywaji chagua kimoja, maji katikati.

Ila "inanirudisha mwanzo" ndiyo siikubali. Usiku mmoja wa pilau haukuongezei kilo mbili za mafuta, hesabu ya unga nimeiweka pale juu. Asubuhi yake mizani itapanda kwa chumvi na wanga, Jumatano itakuwa imeshuka. Kinachokurudisha mwanzo ni Jumapili unayosema "nimeshaharibu, nitaanza Jumatatu". Jumapili asubuhi kunywa chai yako kama kawaida.

---

mzee_wa_supu

Na supu.

---

kijana_wa_mwanza

Sawa wakuu. La mwisho, huku Mwanza sato ndiyo chakula. Sato wa kukaanga anahesabiwaje?

---

nesi_wa_zamu

Sato mwenyewe hana tatizo, protini nyingi na mafuta kidogo. Mafuta ya kukaangia ndiyo ya kuhesabu: kijiko kimoja cha chakula ni kama kilokalori 120, na samaki aliyezamishwa kwenye karai hujui ametoka na vijiko vingapi. Mwambie akuchomee, au akuchemshie na nyanya, limao na pilipili. Kama lazima akaangwe, basi siku hiyo ugali upungue, na ngozi yake mwachie paka.

---

kijana_wa_mwanza

Ngozi ndiyo tamu, nesi. Ngozi siachi. Nitapunguza ugali.